Karatasi Haijui Gari Lako: Taa za Ziada kwenye Barabara za Tabora

Barabara ya kutoka Tabora kwenda Kigoma kupitia Urambo na Kaliua inapita jirani na njia ya kale ya misafara iliyounganisha Bagamoyo, Unyanyembe (karibu na Tabora ya leo) na Ujiji. Misafara ile ilikuwa na ratiba yake. Wapagazi waliamka alfajiri, kirangozi, kiongozi wa msafara, akashika mbele, na kabla jua halijakaza mizigo ilikuwa imetuliwa kambini. Usiku ulikuwa wa kupumzika. Gari limeivunja ratiba hiyo. Leo malori ya tumbaku, pikapu za wauza asali na magari ya wagonjwa yanakatiza misitu ya miombo saa yoyote, na mwaka 2023 serikali iliyaruhusu tena mabasi ya mikoani kusafiri usiku, baada ya zuio lililodumu tangu miaka ya 1990.

Kadiri safari za usiku zinavyoongezeka, ndivyo taa za ziada zinavyoongezeka kwenye bampa na juu ya mapaa ya magari. Nyingi zinauzwa zikiwa ndani ya boksi pamoja na furushi la nyaya, rilei moja, swichi, na karatasi yenye mchoro mdogo usioelezeka. Kazi inafanyika kwa kubahatisha. Matokeo yake tunayaona: taa zinazowaka wakati usiofaa, fyuzi zinazoungua kila wiki, nyaya zinazoyeyuka, na dereva wa upande wa pili anayepofushwa.

Hoja ya makala haya ni moja. Karatasi ile haijui gari lako. Iliandikwa kwa ajili ya gari ambalo mwandishi wake alilifikiria, na sehemu ngumu ya kazi imo katika yale aliyoyachukulia kuwa yanajulikana. Kwa hiyo kazi salama inaanza kwa kulipima gari lenyewe, na inakamilika pale mchoro wa gari hilo unapoandikwa na kuachwa ndani yake.

Kwanza, mwanga wa kutosha ni upi?

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde moja na nusu kumtambua ng'ombe aliye mbele yake na kukanyaga breki, mita 33 zimekwisha. Kwenye lami kavu breki nzuri zinahitaji mita nyingine 35 hivi. Kwenye changarawe zinaweza kuhitaji 60. Jumla ni mita 70 kwenye lami na zaidi ya 90 kwenye vumbi. Dimu za taa za kawaida huonyesha vizuri mita 50 au 60 tu. Anayekwenda kasi hiyo kwa dimu hana nafasi ya kusimama mbele ya mkokoteni wa ng'ombe au baiskeli isiyo na kiakisi, na mkoani Tabora vyote viwili ni vyombo vya usafiri vya kila siku.

Hesabu hii inaonyesha kwa nini taa za ziada zina maana, lakini inaonyesha pia kwamba dawa ya kwanza ni kupunguza mwendo. Dawa ya pili ni kuzitengeneza taa kubwa zilizopo. Vioo vya plastiki vya magari yaliyotumika huwa vimefifia na kuwa vya njano. Vikisuguliwa, mwanga unarudi. Zipimwe pia volti zinazofika kwenye balbu wakati taa zinawaka. Kama betri inaonyesha 13.5 na balbu inapata 12, kuna swichi au waya uliochoka, na kuurekebisha kunaweza kukupa mwanga uliokuwa ukienda kuununua dukani.

Kwa nini karatasi haieleweki

Tatizo linazidi tafsiri mbaya ya maneno. Michoro mingi ya dukani imebeba dhana nne zisizotajwa: kwamba gari ni la volti 12, kwamba swichi ya taa kubwa inakata upande wa chanya, kwamba rangi za nyaya za furushi zinalingana na zile zilizochorwa, na kwamba fundi anazijua namba za rilei. Dhana moja tu ikikosewa, mchoro sahihi unazaa kazi mbovu.

Barabara zetu zimejaa magari ambayo dhana hizo haziyahusu. Gari moja limetoka Japani likiwa limetumika, kitabu chake kimeandikwa kwa Kijapani au hakipo kabisa. Jingine liliagizwa na shirika, likauzwa kwa mnada, na limepita mikononi mwa mafundi watatu, kila mmoja akiongeza waya wake. Furushi la taa nalo limetoka China, limechorwa kwa kuiga mchoro wa Ulaya, na vipimo vya waya vimeandikwa kwa mfumo wa Marekani. Haya yote yanakutana chini ya boneti moja.

Mtego mkubwa: taa zinazowaka kinyume

Tuanze na kosa linalowasumbua wengi katika ukanda huu, kwa sababu linaligusa gari linalopendwa kuliko mengine kwenye njia mbovu. Land Cruiser nyingi za familia ya 70, 80 na 100, pamoja na Hilux nyingi za zamani, zina taa kubwa zinazowashwa kwa upande wa hasi. Katika magari mengi mengine, balbu ya H4 yenye miguu mitatu hupata ethi ya kudumu kwenye mguu mmoja, na swichi hupeleka chanya kwenye mguu wa dimu au wa ful. Katika Toyota hizo mambo yamegeuzwa. Taa zikiwashwa, mguu wa pamoja unapata chanya, na swichi ya dimu na ful huchagua mguu upi upelekwe ethi.

Sasa fundi anafuata karatasi. Inamwambia waya wa kuamsha rilei uunganishwe na waya wa ful, na upande wa pili wa koili, yaani uzi unaoiamsha rilei, uende ethi. Anafanya hivyo kwa uaminifu. Dereva akiwasha dimu, chanya inatoka mguu wa pamoja, inapita kwenye uzi wa ful ambao haujapata ethi, inaingia kwenye koili na kushuka kwenye bodi. Umeme huo ni mdogo mno kuwasha uzi wa balbu, lakini unatosha kuiamsha rilei. Spotilaiti, yaani zile taa za ziada, zinawaka. Dereva akiweka ful, waya uleule unakuwa ethi, koili inakosa nguvu, na spotilaiti zinazimika. Gari sasa linamulika kwa nguvu linapopishana na wengine na linafifia linapokuwa peke yake porini. Hakuna waya uliokatika na hakuna kifaa kibovu. Karatasi ilikuwa ikizungumzia gari jingine.

Njia ya kuligundua jambo hili mapema ni rahisi. Chomoa soketi za taa kubwa zote mbili, kwa sababu ukiacha moja, umeme unaorudi kupitia balbu yake utakudanganya. Washa dimu. Weka ncha nyeusi ya mita ya umeme kwenye hasi ya betri na upime matundu matatu ya soketi, kisha rudia kwenye ful. Kama tundu moja lina volti 12 katika hali zote mbili na mengine hayana kitu, gari ni la upande wa hasi. Hakikisha kwa kuweka ncha nyekundu kwenye chanya ya betri na ile nyeusi kwenye matundu mawili yaliyobaki: utaona volti zikihama kutoka tundu moja kwenda jingine unapobadilisha dimu na ful.

Tiba yake haihitaji kifaa kipya. Upande mmoja wa koili upate chanya kutoka mguu wa pamoja wa taa, kupitia swichi ya dashibodi, na upande wa pili uunganishwe na waya wa ful. Kwenye dimu pande zote mbili za koili zina chanya, kwa hiyo hakuna kinachopita. Kwenye ful upande mmoja unakuwa ethi na rilei inaamka. Nyaya zote mbili zichukuliwe kwenye taa ileile, kwa kuwa katika magari hayo taa ya kushoto na ya kulia huwa na fyuzi tofauti.

Magari mapya yanahitaji tahadhari nyingine. Baadhi yana taa za LED zinazoongozwa na kompyuta ya gari, na waya wa taa unaweza kubeba umeme unaokatikakatika kwa kasi ambayo rilei ya kawaida haiwezi kuufuata. Hapo kupasua waya wowote kwa kubahatisha ni kuhatarisha kifaa cha bei kubwa. Kama mchoro wa mtengenezaji haupatikani, kazi isubiri.

Namba na rangi

Rilei nyingi za kwenye maboksi hufuata namba za Kijerumani za DIN 72552. Namba 30 hupokea umeme wa betri, 87 hupeleka kwenye taa, 85 na 86 ni koili. Mguu wa tano ndio huwakosesha wengi. Katika rilei nyingine ni 87a, ambao umeunganika na 30 rilei ikiwa imelala. Taa zikifungwa hapo zitawaka usiku kucha na kuzimika zinapotakiwa kuwaka. Katika rilei nyingine mguu huo ni 87 ya pili, na hauna tatizo. Soma namba iliyochongwa chini ya rilei, usikisie kwa nafasi ya mguu. Kama koili ina diodi ndani, chanya lazima iende 86 na hasi 85. Ikigeuzwa, diodi inakuwa shoti.

Rilei ya furushi ikifa porini, fundi huchukua ya Toyota iliyotumika, na hiyo ina namba nyingine kabisa: 1 na 2 ni koili, 3 na 5 ni njia ya umeme mkubwa. Rilei hizo hufanya kazi vizuri, alimradi aliyeziweka ameandika mahali namba zipi zimechukua nafasi ya zipi.

Rangi haziaminiki hata kidogo. Nyekundu mara nyingi ni chanya na nyeusi ni hasi, lakini waya wa tatu unaweza kuwa mweupe, wa njano au wa bluu, na kazi yake ikabadilika boksi kwa boksi. Katika magari ya Kijapani ethi mara nyingi ni nyeupe yenye mstari mweusi, na waya mweusi wenyewe unaweza kuwa na umeme. Mita ndiyo iamue.

Waya, fyuzi na ethi

Hapa hesabu ndogo inaokoa gari. Spotilaiti mbili za wati 55 zinavuta wati 110, yaani karibu ampea 9 kwenye volti 12. Zikiwa za wati 100 kila moja, ni karibu ampea 17. Kwa taa ndefu za LED, usiamini tarakimu kubwa ya kwenye boksi. Mara nyingi imejumlisha uwezo wa juu wa kila kichipu badala ya umeme unaovutwa. Iwashe taa kwenye betri ikiwa na mita ya ampea katikati, na usome mwenyewe.

Unene wa waya ndio unaoamua taa itapata kiasi gani cha umeme huo. Chukua waya wa shaba wa milimita moja ya mraba, mita tatu kwenda na tatu kurudi, ukibeba ampea 9. Utapoteza karibu volti moja njiani. Balbu ya halojeni huadhibu vikali upungufu wa namna hiyo: volti 13.5 zikishuka hadi 12.5, mwanga unapungua kwa karibu robo. Waya wa milimita 2.5 za mraba unapunguza hasara hiyo hadi chini ya nusu volti. Mtu anaweza kununua taa za bei kubwa, kisha akapoteza robo ya mwanga wake kwenye waya wa bei rahisi.

Hapa pia vipimo vya karatasi vina mitego. Katika mfumo wa Marekani namba kubwa ni waya mwembamba. Namba 14 ni milimita 2 za mraba, namba 12 ni zaidi kidogo ya 3. Vifurushi vya Australia, vinavyopendwa na wenye Land Cruiser, vinaweza kutaja waya wa milimita 4 vikimaanisha upana wa waya pamoja na ganda lake. Shaba iliyomo ndani haifiki hata milimita 2 za mraba. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu usitumike kabisa. Mawimbi ya changarawe yanaukunja na kuukunjua mpaka ukatike ndani ya ganda, mahali ambapo jicho halifiki.

Fyuzi hulinda waya. Ndiyo maana inakaa karibu kabisa na betri, kwa kuwa kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kwa ampea 9 weka fyuzi ya bluu ya 15. Kwa 17 weka ya 25 pamoja na waya na rilei zinazoweza kuzibeba. Fyuzi ikiungua mara mbili, tafuta sababu. Anayeziba pengo lake kwa karatasi ya sigara au uzi wa waya ameugeuza waya mzima kuwa fyuzi, na waya huo umepita jirani na mafuta.

Ethi ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Karatasi huonyesha alama ndogo ya ethi bila kusema ifungwe wapi, na fundi huchagua bolti iliyo karibu. Chini ya bolti hiyo kuna rangi, kutu au matope ya masika. Kwangua hadi chuma kiwe cheupe, funga kwa nguvu, paka grisi. Njia bora zaidi ni kuvuta waya wa hasi, wenye unene sawa na wa chanya, hadi kwenye ethi kuu ya betri. Ukishamaliza, pima: taa zikiwa zinawaka, kati ya hasi ya taa na hasi ya betri isionekane zaidi ya theluthi ya volti hivi.

Malori ya volti 24

Fuso na Scania zinazobeba tumbaku na mahindi hutumia volti 24, na baadhi ya Land Cruiser za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni hivyo hivyo. Furushi la volti 12 likifungwa humo, balbu zinaungua mara moja na koili ya rilei inafuatia. Taa nyingi za LED huandikwa kuwa zinakubali volti 10 hadi 30, lakini rilei iliyo ndani ya boksi hilohilo inaweza kuwa ya 12 tu.

Njia ya mkato iliyozoeleka ni kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili. Taa zinawaka, na mwenye lori anaridhika. Lakini betri inayonyonywa haijai, na mwenzake inajazwa kupita kiasi. Baada ya muda zote mbili zinakufa, na lori linalala njiani. Lori lenye volti 24 lipewe taa na rilei za volti 24.

Mwanga na haki ya wengine

Mpaka hapa tumezungumza juu ya gari lenye taa. Kuna pia mama anayetembea ukingoni akitoka gulioni, mwendesha bodaboda mwenye abiria wawili, na dereva wa basi lenye watu 60 linalokuja. Jicho lililopigwa na mwanga mkali huhitaji sekunde kadhaa kurudi katika hali yake, na kila sekunde gari la dereva aliyepofushwa linapita zile mita 22.

Kwa sababu hiyo nalipinga kabisa jibu ambalo mafundi wengi hulitoa wanaposhindwa na mchoro: kuvuta waya kutoka betri, kupitia swichi, moja kwa moja hadi taa. Ni rahisi, na inafanya kazi katika gari lolote. Lakini spotilaiti hizo hazifuati dimu. Dereva anatakiwa azime swichi mbili wakati anapishana na gari jingine, akiwa amechoka, saa nane za usiku. Siku moja mkono utachelewa. Spotilaiti za kumulika mbali zifuate ful na zizimike pamoja nayo, bila hiari ya mtu. Swichi ya dashibodi iwepo ili kuzizima kabisa, isiwe ya kuziwasha wakati wa dimu.

Mahali pa kuzifunga pana uzito huohuo. Wakati wa kiangazi vumbi la gari lililotangulia linasimama hewani, na taa iliyo juu ya paa hulimulika na kulirudisha machoni mwa dereva mwenyewe, pamoja na mng'ao wa boneti. Taa zilizofungwa chini, kwenye usawa wa bampa, hupita chini ya vumbi hilo kwa kiasi fulani, na mwanga wenye unjano hauchoshi macho kama ule mweupe wa kibluu. Tafuta pia alama ya herufi E na namba ndani ya duara kwenye kioo, ambayo ni alama ya viwango vya Umoja wa Mataifa kwa taa za magari. Viwango hivyo vinaweka ukomo hata kwa taa za ful: jumla ya kandela 430,000 kwa zote zinazowaka pamoja. Taa isiyo na alama yoyote haikuahidi kwamba mwanga wake umeelekezwa mahali fulani. Na kwa kuwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 na kanuni zake bado ndizo zinazotawala, mwenye gari aulize kwa trafiki kabla ya kufunga, kwani kuuliza si ujinga.

Maelekezo tunayoweza kuandika wenyewe

Wapo wanaosema mchoro ufuatwe, na wapo wanaosema uzoefu wa fundi unatosha. Wote wawili wana sehemu ya ukweli. Mchoro hufundisha kanuni: fyuzi karibu na betri, rilei kwa umeme mkubwa, swichi kwa umeme mdogo. Uzoefu hufundisha mahali waya unapokatika. Kinachokosekana kati yao ni kipimo, na kipimo kinahitaji mita ya bei ndogo na robo saa.

Kuna jambo jingine linalokosekana, na hili tunaweza kuliondoa wenyewe. Fundi akimaliza kazi, maarifa yote anaondoka nayo. Mteja anabaki na waya mwekundu unaopita mahali fulani. Taa zikiharibika Kaliua au Sikonge, fundi wa huko anaanza upya kubahatisha. Ingetosha karatasi moja kwa Kiswahili, iliyofunikwa kwa plastiki na kubandikwa chini ya boneti: gari ni la volti ngapi, taa kubwa zinawashwa kwa upande wa chanya au wa hasi, fyuzi ni ya ampea ngapi na ipo wapi, rilei ipo wapi na miguu yake imeunganishwa na nini, ethi imefungwa wapi, tarehe ya kazi. Mistari sita.

Vyuo vya VETA vinavyofundisha umeme wa magari vinaweza kuifanya karatasi hiyo kuwa sehemu ya mtihani, ili mwanafunzi asihesabiwe kuwa amemaliza kazi kabla hajaiandika. Waagizaji wa taa wanaweza kuweka ndani ya boksi ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye michoro miwili, mmoja wa magari ya upande wa chanya na mwingine wa upande wa hasi, pamoja na namna ya kupima. Gharama yake ni ndogo kuliko ya taa moja inayorudishwa dukani kwa madai kwamba ni mbovu. Na mwenye gari anaweza kuanza leo, kwa kukataa kulipa mpaka akabidhiwe mambo mawili: taa zinazozimika dimu inapowashwa, na karatasi inayoeleza kwa nini zinazimika.